Kilichokuwa Ndani ya Tairi

Safari ya tatu ya siku ile haikuwa zamu yake. Mpeleka dawa, ambaye watu wote wa njia ile walimwita Sanduku kwa sababu ya lile sanduku la baridi alilolifunga nyuma ya pikipiki, alikuwa amekwisha kuvua buti na kutumbukiza miguu kwenye beseni la maji, simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa nesi wa zahanati ya mwisho, kule barabara inakoishia.

"Sanduku, niletee dawa ya sumu ya nyoka. Yote iliyopo."

"Nesi, nionee huruma. Kesho alfajiri. Leo mgongo wangu..."

"Ni dada yako."

Akainuka na miguu ikichuruzika maji.

Dada huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa na miaka minne na dada alikuwa na kumi na mitano, na tangu siku hiyo mgongo wa dada ndio uliokuwa nyumba yake. Sasa alikuwa ameumwa mkononi, shambani kwake, saa tisa alasiri, na uvimbe ulikuwa unapanda kuelekea begani.

Stoo ya dawa ilikuwa na chupa nne tu. "Hizi ni za mtu mmoja," mtunza stoo alisema huku akizizungushia barafu. "Na huyo mmoja aombe Mungu zimtoshe."

Langoni alimkuta shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa pikipiki, amekaa juu ya ndoo akila muwa. Shemeji hakusalimia. Alitazama tairi la nyuma.

"Shemeji, mbona hilo limelala kama mlevi?"

"Nilipunguza upepo asubuhi. Kulikuwa na tope."

"Na mbele unakwenda kwenye mawe. Jaza."

"Nitajaza njiani."

"Njiani kuna kompresa ya nani? Ya babu yako?"

"Ninayo pampu ya mkono."

"Pampu ya mkono! Na mikono yenyewe ndiyo hiyo inayotetemeka?"

Sanduku alikuwa amekwisha kupiga kiki. Shemeji akatema kapi la muwa, akamfuata hatua mbili. "Ukipata pancha, usirudishe mpira kabla hujapapasa tairi ndani. Tairi haliaminiwi kwa macho, linaaminiwa kwa vidole. Na vidole viwe vyako!"

Hayo Sanduku aliyajua. Pikipiki yake ilikuwa ndefu, ya lami na ya porini pia, na kwa miaka kumi na moja ilikuwa imemfundisha kwa fimbo. Tairi lenye upepo kidogo hulikumbatia tope. Lakini juu ya mawe, rimu hushuka na kuubana mpira wa ndani, ukatoboka matundu mawili sambamba. Upepo mdogo topeni ni rafiki, kwenye mawe ni mchawi. Shemeji alikuwa ameusema msemo huo mpaka umechakaa. Ila mtu aliyechoka huyajua mambo kama anayeyasikia kutoka chumba cha pili.

Mawe yalimpokea jua likizama.

Pu!

Nyuma ikaanza kuyumba. Akashuka. Akazima injini, na hapo ndipo aliposikia kimya kilivyokuwa kikubwa. Hakuna ndege. Hakuna mdudu.

Akaegemeza pikipiki juu ya jiwe, akalegeza ekseli, akatoa gurudumu, akalichokoa tairi kwa vyuma vyake viwili mpaka likaachia rimu upande mmoja. Akauvuta mpira wa ndani. Matundu mawili, sambamba, yameachana kwa upana wa kidole.

"Haya," akajiambia. "Kosa langu."

Akatoa mpira wa akiba, akaupuliza kidogo usije ukajikunja. Alikuwa anainama kulishika tairi...

"Nikushikie?"

Alikuwa mtu mwembamba, si mzee, si kijana. Shati lake lilikuwa jeupe, limepigwa pasi. Alisimama peku kwenye vumbi lililofika kifundoni, na miguu yake ilikuwa safi. Kulikuwa na harufu ya udongo, ule uliofukuliwa sasa hivi.

"Nitashukuru, ndugu yangu."

"Mgonjwa ni wako?"

"Ni dada yangu," Sanduku akajibu. Baadaye tu alijiuliza ni nani aliyemtaja mgonjwa.

"Pole sana." Mkono wa yule mtu ulikuwa tayari ndani ya tairi. Ulizunguka polepole, kwa ustadi, kama wa fundi mzoefu. Ukamaliza duara. Ukatoka.

"Humu hamna kitu."

Basi Sanduku akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na moja. Akaamini vidole vya mtu mwingine. Akarudisha mpira, akafunga, akapiga pampu mpaka kifua kikawaka, na safari hii alijaza upepo wa kutosha. Alipoinua kichwa ashukuru, barabara ilikuwa tupu mbele na nyuma.

Wenyeji wanajua njia za mkato, akawaza. Akapiga kiki.

Hakwenda mbali. Ungesimama pale alipotoka ukaita, angekusikia.

Pu!

Sasa giza lilikuwa limeingia. Akafunga tochi kichwani, akaanza upya, kila nati nzito kuliko ya kwanza. Akauvuta mpira. Matundu mawili, sambamba. Mahali palepale.

Akatazama chini. Hapakuwa na mawe. Kulikuwa na mchanga laini, na tairi lilikuwa limejaa. Rimu haikuweza kubana kitu.

Akakaa kitako. Alibakiwa na mpira mmoja tu wa akiba, ule wa gurudumu la mbele, mwembamba, ambao kwa shida huweza kuvumilia nyuma. Huo ukipasuka ingekuwa ni kwa miguu, mwendo wa saa nne au tano, sanduku kichwani, na dada hana saa nne.

"Nikushikie?"

Alisimama pale mwanga wa tochi ulipokomea.

"Umefikaje huku?" Sanduku akauliza.

"Kwa miguu."

Miguu ilikuwa safi.

"Lete," yule mtu akasema kwa upole. "Umechoka."

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomtisha Sanduku kuliko miguu ile. Alitamani kumpa. Mikono yake ilikuwa imekwisha kulisogeza tairi mbele kidogo, yenyewe, kama mtoto anavyomnyooshea mtu mzima kitu kizito. Akalirudisha, akalikumbatia kifuani.

"Hili nitapapasa mwenyewe."

"Humu hamna kitu."

"Basi haitakuuma nikiangalia."

Kisha mnong'ono, karibu sana, ingawa yule mtu hakusogea.

"Usitie mkono, Sanduku."

Hakuwa amemwambia jina lake.

Akatia mkono. Alianzia penye tundu la valvu kama alivyofundishwa, akasogeza vidole taratibu. Mpira baridi. Mchanga. Robo ya duara... Nusu... Vumbi tu. Robo tatu...

Joto.

Mpira ulikuwa na joto pale, na unyevu. Ulikuwa laini kama ufizi.

Ukamshika kidole.

Hakupiga kelele, pumzi haikutosha. Alivuta kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akachukua chuma cha tairi akachokoa, akachokoa, huku akisikia sauti kama ya mtu anayenyonya kitu kitamu. Kile kitu kikatoka. Kikaanguka mchangani kwa mlio mdogo. Alipomulika pale yule mtu aliposimama, hapakuwa na mtu. Harufu ya udongo tu, nayo ikififia.

Akamulika chini. Palikuwa na kipande cha waya, chenye kutu, kilichopinda katikati ncha zake mbili zikatazama juu. Tairi kuukuu hutoa waya. Kila fundi atakuambia. Akapapasa tena duara zima, mara mbili. Lilikuwa baridi na kavu kotekote. Akavaa mpira mwembamba, akaenda polepole, na kidole kikampigia ngoma njia nzima.

Nesi alikuwa mlangoni na taa. Hakuuliza habari za safari. Alipokea sanduku akaingia nalo, na Sanduku akamfuata.

Dada alilala ameinua mkono juu ya mito. Ulikuwa umevimba hata kiwiko hakionekani. Nesi alikuwa amechora juu yake mistari kwa kalamu ya wino, kila uvimbe ulipofika, na saa kando ya kila mstari: saa kumi, saa kumi na moja, saa kumi na mbili, saa moja. Mstari wa mwisho ulikuwa chini kidogo ya bega.

"Umechelewa, mdogo wangu," dada akasema, macho yamefumba. "Umekula?"

"Nimekula, dada," akadanganya.

Nesi akapanga chupa nne mezani. Ndipo taa ilipouangukia mkono wa Sanduku, na nesi akakishika kidole na kukigeuza. Matundu mawili. Sambamba.

"Hiki ni nini?"

Sanduku alizitazama chupa. Nne. Za mtu mmoja, na huyo mmoja aombe Mungu.

"Waya wa tairi."

"Waya mmoja, matundu mawili?"

"Ulikuwa umepinda, Nesi. Tairi kuukuu. Muulize shemeji yangu."

"Sanduku. Nitazame. Kama ni nyoka, niambie sasa hivi, nizigawe."

"Ningekuwa nimeumwa na nyoka ningekuwa nimesimama hapa nabishana na wewe? Mchome dada."

Nesi hakuridhika. Alichukua kalamu, akamchorea mstari kwenye kifundo cha mkono, akaandika saa mbili kasorobo. "Ukiona uvimbe umevuka hapa, niite."

Kisha akazifungua chupa zote nne, moja baada ya nyingine, akazitia kwenye dripu.

Wakakaa. Baada ya muda dada akafumbua macho, akaomba maji, akalalamika kuwa mto unanuka dawa, na nesi akacheka kwa mara ya kwanza. Uvimbe ulikuwa umegota kwenye mstari wa saa mbili, aliouongeza nesi dripu ilipoanza, haukuongeza hata unywele.

"Sijui nilipumbazwa na nini," dada akasema. "Kuku wangu ametaga kwenye shimo la kisiki. Siku zote nachokoa kwanza kwa fimbo, unajua. Fimbo nilikuwa nayo mkononi. Akapita mtu, shati jeupe kama la bwana harusi. Akainama, akaingiza mkono wake mpaka kwapani. Akasema, hamna kitu, mama. Nami nilikuwa nimechoka..."

Nesi alikuwa akiosha mikono. Hakugeuka.

"Ulimfahamu?" Sanduku akauliza taratibu.

"Hata. Ila alikuwa na adabu. Alinisaidia kukaa chini nilipoumwa. Akaniuliza kama nina ndugu." Dada akapiga miayo. "Nikamwambia ninaye mmoja, mpeleka dawa."

Akalala. Pumzi yake ilikuwa nzito na ya kawaida, ile aliyoizoea Sanduku tangu akiwa na miaka minne. Akaisikiliza kwa muda mrefu, akatulia moyo.

"Mkono?" nesi akauliza.

Akaunyoosha kwenye taa. Haukuwa na uvimbe. Ngozi ilikuwa ya kawaida kutoka kucha hadi kwenye wino.

"Unauma?"

"Hata kidogo."

"Basi kweli ni waya," nesi akasema, akashusha pumzi. "Lala, mwanaume. Umetumika leo."

Akajinyoosha kwenye benchi. Alikuwa amemwambia nesi kweli, mkono haukuuma. Ulikuwa na baridi tu, baridi ya udongo uliofukuliwa sasa hivi. Ilikuwa imeanzia kwenye kidole, ikafika kwenye mstari wa wino, ikasimama hapo kidogo kama mgeni anayebisha hodi. Kisha, bila haraka, ikauvuka.

Sanduku akamtazama dada yake akipumua. Hakumwita nesi.