Gauni la Pili

Wa kwanza kuitaja ile sehemu alikuwa Mzee Alfred, askari wa wanyamapori mstaafu, na aliitaja kwa utulivu wa mtu anayesifia mchuzi. Filamu ilikuwa imeoneshwa alasiri katika ukumbi wa hoteli moja pale Mikumi, mapazia yamefungwa, feni zikisukuma joto kutoka kona hii kwenda ile. Watu walipoanza kutoka, Editha alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi, maana kazi yake ilikuwa kurekodi maoni ya watazamaji. Alimpa mzee shikamoo yake, akaitikiwa, akamuuliza ni sehemu gani iliyomgusa.

"Pale binti anapogeuka," mzee akasema. "Anageuka, anauliza, 'Limekwisha?' Hapo mwili ulinisisimka."

Editha alimshukuru, akamgeukia mwingine. Akili ilimrudia baadaye, akiwa na glasi ya maji mkononi. Katika filamu ile binti hageuki. Kwa karibu saa mbili amekaa kwenye cherehani, amewapa watazamaji mgongo, anashona, na hakuna anayesema neno. Evarist, mwongozaji aliyekuja kutoka Dar es Salaam na skafu shingoni katika joto la Mikumi, alikuwa amekwisha kuwaeleza watu wote, pamoja na mpishi wa hoteli, kwamba ukimya ndio mhusika mkuu. Editha, mwenye shahada ya sosholojia na subira kidogo, alikuwa amelitafsiri hilo kwamba mwigizaji asiyesema halipwi sana.

Habari yenyewe kila mtu wilayani aliijua kabla ya filamu. Yusrah, fundi cherehani wa Rudewa, alipanda gari la mkaa kwenda Mikumi kununua vitambaa, asifike. Dereva alikamatwa, akakiri kumuua, redio zikaisema kesi ile mwaka mzima. Alipoulizwa mwili ameuacha wapi, alinyamaza, akafia gerezani na jibu lake. Mama Yusrah hakupata cha kuzika. Alichobakiwa nacho ni gauni la njano alilojishonea binti yake, akalivaa Idi moja tu, akalitundika kwenye msumari.

Na ni gauni hilo lililomnyima Editha usingizi kabla hata Mzee Alfred hajafungua kinywa.

Evarist alilitaka gauni lenyewe, si mfano wake. Kitambaa hakidanganyi, alisema. Editha, mtoto wa Kilosa anayejua kuongea na wazee, akatumwa Rudewa, akaketi kwenye mkeka wa Mama Yusrah, akala mihogo yake, akaahidi kwamba gauni litapigwa picha tu, halitavaliwa na mtu, na litarudi. Siku ya kwanza tu ya kazi likavaliwa na mwigizaji, msichana wa Dar es Salaam. Kazi ilipokwisha, Evarist akakataa kulirudisha, kwani alitaka kuliweka kwenye sanduku la kioo kila filamu itakapooneshwa. Editha angeweza kurudi Rudewa akasema ukweli. Badala yake alinunua kitambaa cha njano kinachofanana, akampelekea Fortunatus, fundi wa karibu na stendi ya Mikumi, ashone la pili.

Fortunatus alilitandaza mezani la kwanza, ambalo Editha alikuwa ameliazima kwa Evarist kwa siku moja, akalipima, kisha akauliza kama anavyomuuliza kila mteja: nani atalivaa, ili ajue kama amwachie nafasi.

"Yeyote atakayekuja," Editha alimjibu, macho kwenye simu. "We shona tu."

Fundi alicheka, akasema hajawahi kumshonea huyo. Akashona. Editha akalipeleka Rudewa. Mama Yusrah alilipokea kwa mikono miwili, akaliinua hadi puani, akakaa nalo hapo kitambo. Kisha akashukuru, akaingia nalo ndani.

Jioni ile ya Mikumi Editha alisikiliza maoni aliyorekodi. Mwalimu mmoja alisema macho yake yalilowa binti alipogeuka. Mhudumu wa hoteli alisema binti anafanana na mama yake mdogo. Mzee Alfred, alipopigiwa simu, alisema hapana, amefanana na shemeji yake, tena sana. Wote walitaja swali lile moja, na chini ya sauti zao, mbali, kama kutoka chumba cha jirani, cherehani ilikuwa inakwenda.

Evarist aliifungua filamu kwenye kompyuta yake, akaikagua yote, akakuta mgongo tu. Hakuogopa. Alifurahi mno, akasema watazamaji wameikamilisha kazi wenyewe, na kwamba ataliandika hilo kwenye maelezo ya tamasha. Editha alimtazama, akajiuliza ni elimu gani inayomfanya mtu asijue kuogopa pale anapotakiwa kuogopa. Kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe anayo.

Onyesho la pili lilikuwa Kilosa mjini, mara baada ya sala ya isha, na safari hii Editha hakubaki mlangoni. Ukumbi ulijaa. Walikuwapo watu wa ofisini, wauza nyanya wa sokoni, bodaboda na jaketi zao, na katikati, kwenye benchi, Mama Yusrah na jirani yake Kashindye, mama wa Kisukuma mwenye ng'ombe wengi na mdomo usiopumzika. Mwanzoni Kashindye alikuwa akinong'ona kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, kwamba watani zake hawa wa bondeni wameletewa filamu ya mgongo, wangemwambia angewaonyesha wa kwake bure. Watu walicheka. Kisha kicheko kikaisha, na joto likabadilika.

Kwanza ilikuja harufu: mafuta ya cherehani, halafu udongo uliolowa, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha Kilosa tangu mwezi uliopita. Treni ya umeme ilipita upande wa stesheni na ukuta ukatetemeka kidogo, na treni ilipokwisha kupita kutetemeka kulibaki, kukaendelea chini ya miguu, tak-tak-tak-tak, mwendo wa mguu juu ya pedeli, na Editha akaona kwamba watu waliokuwa mbele yake wameinama wote kwa pamoja, bodaboda na watu wa ofisini na wauza nyanya, kama wanaomkaribia mtu anayesema kwa sauti ya chini, na yeye akakaza macho kwenye turubai mpaka yakamuuma lakini hakuona kitu isipokuwa gauni la njano na mgongo ulionyooka na taa ya kibatari upande wa kushoto, hakuna aliyegeuka, hakuna aliyesema, na hata hivyo ukumbi mzima, kwa adabu, kwa sauti ya watu wanaomjibu mgeni aliyefika mapema kuliko alivyotegemewa, ukaitikia:

"Bado."

Kisha wote wakageuza shingo wakamtazama Editha.

Hawakumtazama kwa hasira. Alitamani ingekuwa hasira. Walimtazama kama wanavyomtazama mtu aliyeulizwa swali na anachelewa kujibu. Mama Yusrah peke yake hakugeuka. Alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya mtandio wake.

Filamu ilipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Watu walitoka kimya, na walipoulizwa na Evarist walisema ni nzuri, wakaongeza mwendo. Editha alimkuta Mama Yusrah nje ukutani, Kashindye amemshika mkono. Alipiga magoti chini vumbini kabla hajajua atasema nini, kisha akasema yote: gauni kuvaliwa, gauni kubaki, fundi wa Mikumi, la pili. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alitafuta maneno ya kupunguza, akakuta yote yamekwisha kutumika siku ile ya mihogo.

"Nilijua siku ile ile," Mama Yusrah akasema. "La mwanangu lilikuwa na harufu yake kwapani. Lako lilinuka duka."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nilikuwa nakungoja uniambie wewe."

Kashindye ndiye aliyekohoa, akasema kwa kunong'ona, bila utani hata chembe, kwamba kuna jambo wamekosea watu hawa. Mtu wa huku akifa, mtani wake ndiye anayevaa nguo zake. Anatembea kama yeye, anamsema, anamkejeli mpaka wafiwa wacheke, ndipo tanga linaanuliwa na aliyekwenda anaachwa aende. Yusrah hakufanyiwa hilo, kwa kuwa hakukuwa na kaburi. Halafu akaja msichana wa Dar es Salaam asiye mtani wa mtu yeyote, akaivaa nguo, akaiga, na hakuna aliyecheka. Mlango umefunguliwa, akasema, na aliyefungua hajui hata kwamba ni mlango.

"Wafu hawarudi," Mama Yusrah akasema. "Dini imetufundisha."

"Sikusema Yusrah, dada. Wewe umeona sura ya Yusrah pale?"

Mama Yusrah alitikisa kichwa. "Hapana. Nimeona ya marehemu mama yangu."

Evarist alitaka kubisha kuhusu sanduku lake la kioo. Kashindye alimwambia kwa upole kwamba amewahi kumvuta fahali mkaidi kuliko yeye, akalibeba gauni.

Kesho yake Rudewa, jua likiwa wazi juu ya mashamba ya zamani ya mkonge, Kashindye aliingia chumbani kwa Yusrah na gauni la njano, lililomkaza hadi likalia kwenye mishono, akatoka akiwa mtu mwingine. Alitembea hatua fupi za haraka. Aliuma pini mdomoni. Alimwendea jirani mmoja baada ya mwingine, akiwaambia kwa ile sauti ya kuwapuuza iliyokuwa ya Yusrah tupu, "Njoo Jumatano. Umeme umekatika. Njoo Jumatano," na alipofika kwa jirani wa mwisho akamwambia Jumatano ya mwaka gani hajui. Kicheko kikaanzia kwa wanawake, kikapita kwa wanaume, na Mama Yusrah aliyekuwa amekaa kama gogo akajishika mbavu, akacheka, akalia, akacheka tena, akasema ndiyo, ndiye, mwongo yule, ndiye kabisa. Kisha gauni likavuliwa, likakunjwa, likawekwa kwenye shimo dogo nyuma ya nyumba, udongo ukarudishwa. Tanga likaanuliwa.

Editha alishika jembe pamoja na wengine. Alijisikia mwepesi, na wepesi huo ulimtia aibu, kwa kuwa hakuwa ameulipia kitu.

Alipokuwa anaaga, Mama Yusrah alimletea mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na gauni la pili.

"Hili chukua. Silo la mwanangu."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini kuna kitu kinanisumbua tangu jana." Mama alishusha sauti, ingawa walikuwa wawili tu. "Lile swali. Yusrah hakuwa wa kuuliza 'limekwisha'. Yeye ndiye aliyekuwa anaulizwa. Hilo ni swali la mteja."

Editha aliaga haraka. Kwenye basi la Mikumi aliuweka mfuko sakafuni kati ya miguu yake, na njia nzima alijieleza kwa hoja nzuri za chuo kikuu kwamba watu wengi wakiona hofu moja hawawi wameona kitu kimoja. Hoja zilisimama vizuri mpaka wapiga debe wa Mikumi walipoanza kuita abiria stendini.

Alikwenda moja kwa moja kwa Fortunatus. Ilikuwa mchana mweupe, malori yakipita barabarani, benchi la wateja likiwa tupu. Alimwambia anataka gauni lifumuliwe lote, uzi kwa uzi, hata kitambaa kikatwe matambara ya jikoni.

Fortunatus alishangaa. "Na mwenyewe nitamwambia nini?"

"Mwenyewe nani?"

"Yule dada. Tangu umelichukua anakuja kuliulizia. Mimi namjibu bado, liko kwa dada Editha." Alichomoa sindano kwenye kola ya shati, akaendelea kwa sauti ya kawaida. "Juzi ameuliza unakaa wapi. Nikamwelekeza. Nimekosea?"

Editha alimuuliza, kwa shida, huyo dada yukoje.

Fundi alifikiri kweli, mguu wake ukiwa mbali na pedeli. Alisema ni wa kawaida. Kila akija humfananisha na mtu, halafu mtu mwenyewe hamkumbuki. Kisha akatoa gauni mfukoni ili alitandaze, na mikono yake ikasita. Upindo ulikuwa na udongo mbichi. Kwapani palikuwa pamelowa.

"Dada," akasema taratibu, akiliweka chini kama mtu anayeweka kitu kilicholala, "hili limeshavaliwa. Bado lina joto."

Na nyuma ya Editha, kwenye benchi lililokuwa tupu alipoingia, sauti ya upole, isiyo na haraka, ikauliza kama limekwisha.