Mtafute Annonciata Kwanza

"Zima hiyo kitu, chérie. Tafadhali."

Wacuka aligeuka. Mchumba wake, Mugisho, alikuwa mlangoni, ametoka Fort Worth moja kwa moja na suti ya harusi mkononi. Uso umemshuka.

Wacuka alifanya kazi kwenye hifadhi ya kumbukumbu za Wayahudi waliohamia Houston zamani. Wiki hiyo alikuwa anahamishia kaseti za wazee kwenye kompyuta. Huyu wa leo, fundi cherehani kutoka Poland, alikuwa anasimulia alivyopotezana na mke wake vitani.

"Kwani imekufanya nini?"

"Huyo mzee alioa tena?"

"Sijafika huko."

"Kama hajui bibi yake alikufa ama yuko hai, anaweza kuoa?"

Wacuka akasimamisha kaseti. Harusi ilikuwa Jumamosi, kanisani Alief.

"Mugisho, unauliza juu ya mzee ama juu yako?"

Mugisho akaitundika suti mlangoni.

"Anaitwa Annonciata," Mugisho akasema hatimaye. "Bibi yangu. Ile siku balishambulia kijiji yetu, kila mtu alikimbia njia yake. Miye nilivuka mpaka, nikafika Burundi. Yeye, siyui. Batu banasema alikufa, lakini hakuna mwenye aliona."

"Na ungeniambia lini? Mbele ya pastor?"

"Niliogopa utaniacha."

"So ukaona afadhali niolewe sijui kitu? Toka, Mugisho. Toka kabla sijapiga kelele."

Alipobaki peke yake, aliiwasha tena kaseti.

"Nilioa tena," mzee akasema. "Mwanamke mwema sana. Lakini kila mlango ulipogongwa nilishtuka, na yeye aliniona nikishtuka. Tukazeeka hivyo."

Wacuka akachukua simu, akaandika: "Harusi nime-cancel. Mtafute Annonciata kwanza. Mi siwezi kuzeeka nikiogopa mlango."

Mama yake aliposikia akapiga kutoka mjini Katy, akiwaka.

"Wageni wamekata tiketi, Wacuka! Nitawaambia nini?"

"Waambie bado, mum."

"Bado nini?"

Wacuka akakata simu.

Mugisho akatuma picha ya Annonciata kwenye kila grupu la WhatsApp la watu wa kwao. Akaandikisha jina lake kwa watu wanaotafuta jamaa waliopotezana. Kila jioni alimwandikia Wacuka: "Bado." Na kila jioni Wacuka aliona haya, maana hakujua anaomba mwanamke huyo awe hai ama awe amekufa.

Jumapili moja Wacuka alikubali waonane. Walikuwa kwenye gari la Mugisho, nje ya duka la vyakula Alief, simu ikaita. Namba ya Uganda. Mugisho aliikodolea macho tu. Wacuka ndiye aliyepokea, akaweka spika.

"Mugisho? Ni miye, Annonciata."

Mugisho akaziba mdomo kwa kiganja.

"Baliniambia ulikufa njiani. Nilikulilia, tukafanya matanga. Sasa niko na bwana, niko na batoto batatu. Na wewe, uko na mtu?"

"Niko naye hapa."

"Nipe yeye."

Wacuka akaisogelea simu. "Niko, dada."

"Alikuambia juu yangu?"

"Alichelewa. Lakini aliniambia."

"Basi mchukue. Miye nilishamuzika, siwezi kumufufua."

Simu ikakatika. Mugisho akaangukia usukani, akalia kama mtoto. Wacuka hakumgusa.

"Bado unampenda?"

"Nililala miaka yote nikifikiri nilimuacha afe." Akapangusa uso. "Nalia kwa sababu hakukufa. Wewe ndiye nataka kuoa, Wacuka. Ukikataa, nitaelewa."

Wacuka akampa simu yake mwenyewe, ikiwa tayari inaita.

"Ni mum. Mwambie mwenyewe. Yote."

"Sasa hivi?"

"Haloo?" sauti ya mama ikasikika.

Mugisho akavuta pumzi. "Mama, ni Mugisho. Tafadhali usikate. Kuna mtu anaitwa Annonciata."

Wacuka akauweka mkono wake juu ya goti la Mugisho, akauacha hapo mpaka alipomaliza.

Walifunga ndoa Novemba. Mama alikuja amenuna, lakini alikuja.