Sahani ya Nne

Jumapili ile jioni Nyamizi aliosha sahani nne, na nyumbani mwake walikuwa wamekula watu watatu.

Aliziosha zote na kuzifudikiza kando ya sinki, ndipo akashtuka. Moja ilikuwa yake, moja ya mumewe Kipkemei, na ile ndogo ya plastiki ya binti yao Jepleting. Ya nne ilikuwa imelambwa, isibaki hata punje, kana kwamba aliyeilia alikuwa na njaa ya miaka. Alidhani Kipkemei alijipakulia mara ya pili akabadilisha sahani. Hakuuliza. Nyamizi hakuwa mtu wa kuuliza.

Alikuwa na miezi miwili tu Nakuru. Kipkemei alimwoa Tabora, alikokuwa amekwenda kutengeneza mitambo ya kampuni ya barabara, na mkataba ulipokwisha akamleta Kenya pamoja na mtoto. Walipanga nyumba ya vyumba viwili Kiamunyi, upande ambao ukifungua dirisha asubuhi unauona mlima wa Menengai umelala kama ng'ombe aliyeshiba. Baridi ya huko ilimkaa Nyamizi kwenye mifupa. Sokoni walimcheka akisema "naomba", kana kwamba hakuwa na pesa. Kutoka kwao alikuja na vitu viwili tu vya maana, chupa ya asali aliyopewa na mama yake, na adabu.

Adabu hiyo ilimfurahisha sana jirani yake Wanjugu, aliyeuza mboga kwenye kibanda mbele ya geti. Siku ya kwanza Wanjugu alimkuta anakula mlangoni, na kabla hajasalimu akaambiwa, "Karibu chakula." Wanjugu akaketi, akamaliza nusu ya ugali. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu alicheka hadi akashika mbavu.

"Kumbe wewe huambia kila mtu! Hata yule kijana wa maji umemwambia karibu. Mama Jeple, huku ukiambia mtu karibu, anakuja na sufuria."

"Kwetu ni heshima tu," Nyamizi alisema, macho yake chini. "Mtu akipita unakula, unamkaribisha. Naye anasema asante, endeleeni, anapita zake."

"Na asipopita?"

Nyamizi alimsogezea ugali. Kwao wote walipita.

Mtoto naye alishafunzwa. Wanjugu alipomwambia, "Jeple, kuja kwangu kesho nikupatie ndizi," Jepleting, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu, aliinamisha kichwa mara mbili kama bibi harusi na kusema, "Asante, tutakuja." Wanjugu aliurudia mwaliko huo hata mara kumi kwa siku, apate kucheka tu.

Kipkemei alikuwa ameahidi kumtembeza mkewe kila Jumamosi, apazoee, asije akachoka na kuomba kurudi kwao. Jumamosi ya kwanza walikwenda kuona flamingo ziwani. Ya pili walifika Molo kwa dada yake, wakarudi na gunia la viazi. Ya tatu, siku moja kabla ya zile sahani nne, walipanda Menengai.

Kule juu kuna kibao chenye mishale inayoonyesha miji ya dunia na umbali wake. Nyamizi aliizunguka yote akiitafuta Tabora, hakuiona. Basi wakaacha watu na wauza shanga, wakatembea mbali kidogo kando ya ukingo, wakatandika leso na kufungua hotipoti la wali na kuku. Shimo la volkano la Menengai lilikuwa wazi kando yao, kubwa kama wilaya, na mvuke mweupe ulitoka huko chini kama mioshi ya majiko ya watu wasioonekana. Mara ukungu ukapanda. Haukupita hata muda wa kumeza tonge, hawakuona tena shimo wala gari lao.

Nyamizi alikuwa ameinama akimchambulia mtoto mifupa aliposikia hatua nyuma yake. Zilikuwa hatua za mtu mmoja asiye na haraka, juu ya mawe makavu. Hakuinua kichwa. Kwa nini ainue? Alisema tu kama alivyosema maisha yake yote,

"Karibu chakula."

Hatua zikasimama.

Alingoja kusikia asante, endeleeni. Hakusikia kitu. Kilichomfikia ni harufu tu, harufu ya mayai yaliyochemka yakasahauliwa.

"Unaongea na nani?" Kipkemei aliuliza.

"Kuna mtu amepita nyuma yangu."

Kipkemei aliacha kutafuna. "Hapo nyuma yako hakuna njia, Nyamizi. Nilikuketisha mgongo upande wa shimo ndio mtoto asikimbilie huko."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wawili wanaosaidiana kutoogopa, wakakunja leso.

Baada ya hapo sahani zikawa nne kila siku. Nyamizi aliificha ile ya nne kabatini, ikatoka nyingine. Alipika chakula cha watatu, hakikutosha. Alipika cha watano, hakikutosha. Chupa ya asali, ambayo alikuwa hajaifungua, ilishuka hadi nusu na kizibo chake kikiwa bado na nta aliyoizibia mama yake. Chakula chenyewe kilipoteza ladha. Ukitia chumvi vijiko vitatu, bado ilikuwa kama kutafuna karatasi. Kila walipoketi kula ile harufu ya mayai iliingia, ikakaa upande wa kiti kitupu.

Jepleting ndiye aliyemwona aliyekikalia. Alichota wali kwa mkono wake mdogo, akaunyoosha kwenye kiti kile, na mkono ulirudi mweupe, umekauka, hauna hata mafuta.

"Kula wewe, mama," Nyamizi alimbembeleza.

"Mgeni bado," mtoto alisema. "Mgeni ana njaa."

Mtoto akaanza kukonda. Magauni yalimpwaya, mbavu zikahesabika, na alipobebwa alikuwa mwepesi kama kikapu. Hospitalini walimpima damu, choo na kifua, wakasema hawaoni ugonjwa, ale vizuri. Nyamizi alirudi akilia ndani ya kanga yake. Ale vizuri na nani?

"Ni hali ya hewa imembadilikia," Kipkemei alisema, lakini alisema kwa sauti ya chini, huku akikitazama kile kiti. "Jumamosi tuende Bogoria. Joto litamfaa."

Wakaenda. Njiani kiti cha nyuma cha gari, upande wa mtoto, kilikuwa kimebonyea kama kimekaliwa, na Nyamizi hakuthubutu kukitazama kwenye kioo. Kule ziwani maji yanachemka yenyewe kutoka ardhini, na watu huja na mayai yao kuyachemsha. Kipkemei alitia mayai sita kwenye kimfuko cha wavu, akayatumbukiza kwenye maji yanayoruka, akangoja dakika kumi kwa saa yake, akayatoa.

Alimenya la kwanza. Ganda lilikuwa zima, halina ufa, na ndani hamkuwa na kitu. Hapakuwa na ute wala kiini, ila utando mkavu kama ngozi ya kitunguu. Alimenya la pili, vilevile. La tatu. Alipofika la sita hakulimenya, alilirudisha kwenye wavu taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha mwenyewe.

"Tangu lini?" alinong'ona.

"Tangu Menengai," alisema Nyamizi. "Mimi ndiye niliyemwita."

Wanjugu ndiye aliyewapeleka mtaa wa Bondeni, kwa mama mmoja aliyeitwa Nakhumicha. Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule, lakini watu walimwendea pia kwa mambo ambayo hayashoneki. Aliwasikiliza bila kuinua mguu kwenye cherehani. Kisha akamtazama mtoto, akaacha kushona.

"Mimi hufukuza jini lililojileta," alisema. "Hili lenu liliitwa likale. Nikilifukuza litaniuliza, wewe ni nani, mwenye nyumba amenikaribisha. Nitajibu nini?"

"Sasa mathe, tufanye nini?" Kipkemei aliuliza. "Mtoto anaisha."

Nakhumicha alimgeukia Nyamizi. "Kwenu mgeni akishakula, anaondoka vipi?"

"Tunamsindikiza."

"Basi huyu hajasindikizwa. Anakula tu kwa sababu hakuna aliyemwambia chakula kimekwisha. Pikeni, mpakulieni sahani yake kwa heshima, mle naye palepale mlipomkuta, wote mliokuwa kwenye hiyo leso. Halafu mmwambie kimekwisha, mmfikishe kwake. Na mgeni wa kwenu akiaga, husema nini?"

Nyamizi alimvuta mtoto karibu. "Husema, nanyi karibuni kwetu."

"Hapo ndipo pa kuponea ama kupotelea. Usijibu. Hata kama adabu itakuwasha koo, usijibu kwa mdomo wala kwa mkono wala kwa kichwa. Anayekubali mwaliko wake huenda."

Jumamosi iliyofuata, saa sita mchana, walitandika leso ileile mahali palepale. Nyamizi alipakua sahani nne, na katika ya nne akamimina asali yote iliyobaki. Ukungu ulipanda. Walikula bila ladha, bila neno, wakiisikia sahani ya nne ikikwaruzwa. Ilipotulia, Nyamizi alisimama na mtoto mgongoni, akasema, "Chakula kimekwisha, mgeni wetu. Tukusindikize."

Wakatembea kuelekea ukingoni, Kipkemei mbele akipapasa kwa mguu maana hatua moja ya kukosea ingewamaliza wote, Nyamizi nyuma yake ameshika mkanda wa suruali yake, na kando yao, upande ambao hapakuwa na mtu, mawe yakilia kwa hatua zisizo na haraka, na majani yakilala na kuinuka, na ile harufu ikiwa nzito sasa hata machozi yakawatoka, mpaka ardhi ilipokoma na upepo wa moto ukawapiga usoni kutoka chini, na hapo hatua zikasimama, na Nyamizi, akijua kinachokuja, akamzungusha mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani, akamziba mdomo kwa kiganja na kukaza.

Sauti ilipotoka haikuwa ya kutisha, na hilo ndilo lililomtisha. Ilikuwa ya upole, yenye lafudhi ya Tabora, kama ya shangazi.

"Asanteni kwa chakula. Nanyi karibuni kwetu."

Kipkemei aling'ata kofia yake. Nyamizi aliuma ulimi hadi akaonja damu, kwa maana kila alichofunzwa tangu utoto kilimpanda kooni kikitaka kujibu, na chini ya kiganja chake kichwa cha mtoto kilihangaika, akadhani anatafuta pumzi, akalegeza kidole kimoja apumue. Hakujibu. Hakuna aliyejibu. Upepo wa moto ukazama, ukungu ukafunguka kama pazia, na mbele yao palikuwa na shimo tu na jua.

Usiku huo Nyamizi aliosha sahani tatu. Aliziosha mara mbili, kwa furaha tu.

Chumvi ikarudi kuwa chumvi. Jepleting alikula akaomba tena, mashavu yakajaa, na Wanjugu akaja na chane la ndizi kumpongeza. "Mnaona? Na wewe Mama Jeple, umeacha kukaribisha watu?"

"Nimeacha," alisema Nyamizi, na wote wakacheka, na mara hii kicheko kilikuwa cha kweli.

Wiki mbili zikapita. Jumamosi ya tatu Kipkemei alikuwa na kazi nusu siku, wakakubaliana wasiende popote. Saa nne asubuhi Nyamizi alitoka chumbani na nguo za kufua, akamkuta Jepleting ameketi mbele ya mlango uliofungwa. Alikuwa amevaa viatu vyake vyote viwili, na sahani yake ya plastiki ilikuwa mapajani.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwake."

"Kwa Mama Wanjugu?"

"Kwa mgeni." Mtoto alishangaa kwamba mama amesahau. "Nilimwambia tutakuja."

Nguo zilimponyoka Nyamizi. "Hukumwambia. Nilikuziba mdomo, Jeple. Hukusema kitu."

"Sikusema," mtoto alikubali. Kisha akamwonyesha. Aliinamisha kichwa chake taratibu, mara mbili, kwa adabu yote aliyofunzwa.

Na Nyamizi akakumbuka. Aliisikia upya kwenye ngozi ya kiganja chake, namna kile kichwa kidogo kilivyokwenda chini na juu, chini na juu, wala hakikuwa kinatafuta pumzi.

Nje, jua lilikuwa linawaka. Harufu ya mayai iliingia kupitia chini ya mlango. Kwenye kokoto za uani hatua zilikuja bila haraka, zikapita kibanda cha Wanjugu, zikapita kamba ya nguo, zikasimama. Kisha ile sauti ya upole, kama ya shangazi aliyekuja kuwachukua wageni wake, ikasema,

"Hodi."

Nyamizi alijirusha, mkono mbele. Kiganja chake kilikuwa bado hewani Jepleting aliposimama, akajipangusa gauni na kujibu,

"Karibu."