Ugonjwa wa Kutunga

Kila Jumamosi asubuhi, Dezbah na mjomba wake Wilford walipakia mapipa kwenye pikapu na kwenda mjini kuteka maji. Kilimani, karibu kabisa na nyumba ya bibi, kulikuwa na kisima, lakini kilibandikwa kibao: maji haya si ya kunywa. Watu wa kampuni moja walichimba madini ya urani pale zamani, wakaondoka na kuacha mashimo wazi, na sumu ikaingia ardhini. Maji ya kisima yalionekana safi tu, na hilo ndilo lililomtia bibi hofu zaidi.

"Mjomba, yule mama wa filamu atakuja leo?" Dezbah aliuliza.

"Atakuja. Si anamtafuta Shandiin?"

Dezbah akageuza uso dirishani. Shandiin tena! Shandiin alikuwa mtoto wa mama yake mdogo, na siku zote walikuwa dada wasioachana. Tangu Arlinda Bitsilly alipofika na kamera yake, mambo yalibadilika. Arlinda alikuwa wa kabila lao la Wadiné, kutoka ng'ambo ya mlima. Alikuwa akitengeneza filamu ya kuonyeshwa kwenye mkutano mkubwa, ambako watu wa serikali na wa kampuni wangeamua kama machimbo yale yatasafishwa. Alizungumza na watoto wote shuleni, kisha akamchagua Shandiin, kwa kuwa babu yake mzaa baba alifanya kazi machimboni na akafa kwa ugonjwa wa mapafu.

"Sauti yenyewe kama ya panya!" Dezbah aliwaza. Nani alishinda mashindano ya kuhutubia shuleni? Si yeye? Wenzao walipomtania Shandiin, "Nyota wetu, ukienda kwenye sinema usitusahau!" Dezbah alicheka pamoja nao, huku moyo ukimuuma kama aliyekanyaga mwiba.

Waliporudi kutoka mjini walimkuta Arlinda uani, kamera imesimamishwa tayari. Shandiin alikuwa amechelewa. Kondoo wao mmoja alikuwa akizaa.

"Tukimsubiri, wewe huna la kusema?" Arlinda alimuuliza Dezbah kwa upole.

Dezbah aliketi. Alipoona taa nyekundu ya kamera ikiwaka, maneno yalimtoka yenyewe.

"Ni mdogo wangu, Darrell. Alikunywa maji ya kile kisima. Tangu siku hiyo figo zinamsumbua. Usiku analia, nami ndiye ninayembembeleza." Hata machozi yalimtoka.

Arlinda aliizima kamera. "Pole sana, mwanangu," alisema. "Filamu itaanza na wewe."

Dezbah alipogeuka, alimwona Shandiin amesimama kando ya pikapu, gauni lina matope. Alikuwa amesikia yote, na macho yake yalijaa machozi.

"Dada, mbona hukuniambia? Darrell wetu?"

Dezbah alitaka kufurahi. Alikuwa ameshinda. Lakini furaha haikuja, akajibu kwa ukali, "Kwani kila kitu lazima ujue wewe?"

Baada ya siku chache Arlinda alirudi kuomba ruhusa ya bibi kuonyesha habari za Darrell. Waliketi mezani pamoja na Dezbah, bibi akiwa amevaa miwani yake, wakatazama picha kwenye kioo kidogo cha kamera. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akavua miwani.

Wakati huohuo Darrell aliingia mbio, mdomo umejaa mkate wa kukaanga.

"Bibi, naongeza mwingine? Nimemshinda mjomba kukimbia!"

Arlinda alimtazama mtoto, akamtazama Dezbah.

"Dezbah!" Sauti ya bibi ilitetemeka. "Umemtamkia mdogo wako ugonjwa? Hujui kwamba neno likishatoka linakwenda kumtafuta aliyetajwa? Nani alikufundisha kuyachezea maneno hivyo?"

Dezbah alijiinamia. Alitamani sakafu impokee.

"Nilidanganya," alisema kwa sauti ndogo. "Nilimwonea Shandiin wivu. Nilitaka nionekane mimi."

Arlinda hakumkaripia, lakini uso wake ulikuwa mzito. "Unajua wakili wa kampuni angefanya nini? Angeuliza, 'Huyo mtoto alitibiwa hospitali gani?' Akigundua ni uongo, angesema, 'Basi na yule babu aliyekufa ni hadithi tu.' Babu wa dada yako angeitwa mwongo kaburini. Na sisi sote hapa tungeonekana waongo."

Dezbah hakuwa amefikiria hata mara moja kwamba uongo wake ungemfikia babu wa Shandiin. Alitoka, akapanda kilima hadi kwa mama mdogo. Alimkuta Shandiin akimnyonyesha mwana-kondoo kwa chupa, akamweleza yote, bila kujitetea.

Shandiin akamrushia kitambaa chenye maziwa usoni.

"Mjinga wewe! Nimelala nalia kwa ajili ya Darrell!" Alimkazia macho. "Nimekasirika, na bado nitakasirika kesho. Lakini kaa hapo, unishikie chupa."

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Kwenye filamu, Shandiin alisimulia habari za babu yake kwa sauti ile ndogo, na watu waliinama mbele ili wamsikie. Wakili wa kampuni aliwauliza Arlinda na Shandiin maswali mengi, lakini kila jibu lilikuwa la kweli, na mwishowe akaishiwa la kuuliza. Jioni ile watu wa serikali walikubali kuleta bomba la maji safi kwanza, kisha kuanza kusafisha mashimo.

Dezbah hakuonekana popote kwenye filamu. Wivu ulimchoma kidogo, lakini alipiga makofi kuliko wote.

Nje ya ukumbi Arlinda alimshika bega.

"Wivu humpata kila mtu, hata mimi," alisema. "Ukikujia, usiupe mdomo useme badala yako. Sisi tunaodhulumiwa hatuna silaha nyingi, Dezbah. Tunao ukweli. Anayeuchafua, hata kwa neno moja, anawachafulia wenzake wote. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Haya, nenda kwa dada yako. Amekutafuta tangu filamu iishe."