Kidole Gumba Chini ya Dirisha

Kila Jumamosi ya majira yale ya baridi tulikuwa na ratiba moja. Bibi Lorna aliamka wa kwanza, akajaza chai kwenye chupa na kufunga pai za nyama ndani ya taulo zisipoe. Babu Desmond alitia mfukoni bisibisi, tochi na futi ya kupimia. Mimi nilikaa kiti cha nyuma na gazeti la matangazo mapajani, nikiwasomea anwani kwa sauti, maana herufi ndogo zilikuwa zimeshamshinda Babu. Kisha tukatoka Harvey, mji wetu wa maziwa na machungwa, kwenda kutafuta karavani, nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari.

Haikuwa kazi rahisi. Gari la Bibi lilikuwa dogo, halikuweza kuvuta kitu kizito, na Bibi ndiye aliyekuwa dereva. Banda letu la gari nalo lilikuwa na paa la chini. Kwa hiyo ilibidi tupate karavani nyepesi, ya mtumba, ya aina ile ambayo paa lake huinuliwa mkifika kambini ili watu waweze kusimama ndani, kisha hushushwa na kufungwa kwa vibanio kabla ya safari. Tulikuwa tumeshatazama nane. Moja ilikuwa nzito kama tingatinga. Nyingine ilinuka mbwa hadi nje ya geti.

"Hii si karavani," Bibi alimnong'oneza Babu siku hiyo. "Ni kibanda cha mbwa kilichowekewa magurudumu."

"Punguza sauti, mbwa mwenyewe atakusikia," Babu akajibu.

Babu alikuwa na sababu ya kuwa na haraka. Alikulia Mullewa, mbali huko kaskazini, ambako baba yake alikuwa fundi wa reli. Mvua ikinyesha vizuri, mwezi wa nane huota huko, kando ya barabara za changarawe, mmea unaojipanga duara: katikati majani matupu, pembeni maua mekundu na ya rangi ya maziwa, utadhani mtu amelaza shada chini akaondoka. Babu aliyaruka mashada hayo akienda shule. Alipokuwa mtu mzima akawa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, na mwezi wa nane ndipo ng'ombe wa kwetu huzaa. Ng'ombe hawajui likizo. Miaka arobaini na mitatu hakuweza kwenda. Alipowauza, daktari wa macho akamwambia kwamba sehemu ya katikati ya macho yake inachakaa na hakuna dawa ya kuirudisha. Huenda alibakiwa na mwaka mmoja wa kuona vizuri, huenda chini ya hapo.

"Nataka kuyaona mara moja tu kabla taa hazijazimika," alisema. Alisema akicheka, lakini Bibi aliinuka akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilimpenda Babu kuliko mtu yeyote, na mwalimu mkuu alikuwa ameshanipa ruhusa ya wiki mbili niende nao. Lakini nitasema ukweli: kufikia Jumamosi ya tisa nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimekosa mechi nane za netiboli, na nafasi yangu kwenye timu alikuwa ameshapewa msichana mwingine.

Karavani ya tisa ilikuwa Bunbury, nyumbani kwa mwalimu mstaafu aliyeitwa Bi Maureen Haddow. Ilikuwa nyeupe yenye mstari wa bluu, na mapazia ya maua ya njano. Paa lake liliinuka kwa mkono mmoja. Juu ya kitanda kidogo cha nyuma palikuwa na dirisha pana, na mara tu nilipoliona niliamua kwamba hapo ndipo nitakapolala.

"Ilikuwa ya marehemu kaka yangu," Bi Maureen alisema. "Mimi sijui lolote kuhusu vitu hivi, sitawadanganya. Kagueni mtakavyo."

Babu alianza kazi yake. Alikuwa na njia moja ya kukagua: alibonyeza kuta kwa kidole gumba, kwenye kila kona na chini ya kila dirisha. Kuta za karavani za zamani ni plaiwudi juu ya fremu ya mbao. Maji yakipenya, mbao huoza kimyakimya, na kwa nje huoni kitu. Babu alibonyeza kila alipofika. Sehemu moja tu ilimshinda, ndani ya sanduku la chini ya kile kitanda cha nyuma, kwa sababu magoti yake hayakupinda vizuri tangu ng'ombe alipomkanyaga.

"Tamsin, bibie, ingia wewe," aliniambia akinipa tochi. "Leo wewe ndiye macho yangu. Tazama kama kuna doa, kisha bonyeza."

Niliingia kwa magoti. Mle ndani mlikuwa na harufu ya magazeti ya zamani. Nilimulika chini ya dirisha nikaona doa la rangi ya chai, pana kama kiganja changu. Nikabonyeza. Kidole kikazama.

Nilikaa pale kidogo bila kusogea. Nilimsikia Bibi akimwambia Bi Maureen mahali atakapoweka birika. Nje kulikuwa na gari lingine limesimama getini, mume na mke wakisubiri zamu yao ya kutazama, na mwanamke alikuwa anayaonyesha yale mapazia kwa kidole. Nilijua nikisema, Babu atashukuru kwa heshima, tutarudi nyumbani, na Jumamosi ijayo tutaanza upya. Nikajiambia ni sehemu ndogo tu. Nikajiambia labda kuta zote huwa hivyo.

"Vipi huko? Pako imara?" Babu aliuliza.

"Imara, Babu."

Hakuuliza mara ya pili. "Basi yatosha," alisema, akamgeukia Bi Maureen na kumpa mkono.

Kwetu ni desturi: karavani mpya hulaliwa kwanza mbele ya nyumba kabla ya kupelekwa mbali, ili kama kuna kilichosahaulika kikumbukwe karibu na jikoni. Tulifanya hivyo siku nne kabla ya safari. Nililala kitandani kwangu chini ya dirisha, nikiwa na furaha kabisa, na mvua ikanyesha mpaka kukapambazuka.

Asubuhi mto wangu ulikuwa umelowa. Maji yalikuwa yanatiririka ukutani kama jasho. Babu alipovuta ukingo wa plaiwudi, kipande kizima kilibaki mkononi mwake, laini kama biskuti iliyochovywa kwenye chai, na mbao za nyuma yake zilikuwa nyeusi. Alizigusa polepole, moja baada ya nyingine.

"Hii haiendi popote," alisema. "Tukiivuta hii barabarani, itaachana njiani."

 Bibi aliingia ndani akampigia Bi Maureen simu. "Umetuibia mchana kweupe, Maureen! Mwalimu mzima! Mtu anapoteza macho yake, wewe unamuuzia mbao zilizooza?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliisikia sauti ya Bi Maureen kwenye simu, nyembamba, ikitetemeka. Alikuwa analia, akiapa kwamba hakujua, akisema kaka yake asingeficha jambo kama hilo. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Bibi, mwache," nilisema. "Ni mimi. Niliona doa. Nilibonyeza, kidole kikazama."

Bibi alishusha simu taratibu. Babu alikuwa ameingia nyuma yangu na kile kipande cha plaiwudi bado mkononi.

"Kwa hiyo uliona," alisema.

"Niliona."

"Na nilikuuliza."

"Uliniuliza, Babu."

Nilingoja anigombeze. Ningependa angenigombeza. Alikiweka kile kipande juu ya meza, akavaa kofia, akaenda kuwapa kuku chakula, na hakurudi mpaka saa sita mchana. Bibi alinipa simu. Nilimwomba Bi Maureen msamaha, naye akanisamehe, lakini sauti yake haikuwa ile ya siku ya mapazia.

Bibi alipiga simu siku nzima kutafuta chumba Mullewa na miji ya jirani. Wakati wa maua watu huweka nafasi mwaka mzima kabla, kila nyumba ya wageni ilikuwa imejaa. Kwenda na kurudi siku moja haiwezekani, kwenda tu ni zaidi ya kilomita mia sita. Nyonga ya Bibi haikumruhusu kulala hemani, na pesa za kununua karavani nyingine hatukuwa nazo. Jirani yetu Bwana Tierney, seremala, alikubali kuitengeneza karavani, lakini alisema mbao lazima zikauke kwanza, na msimu ule kukauka ni wiki nyingi.

Nilifanya kazi naye kila siku baada ya shule. Nilibandua plaiwudi, nikakwangua gundi, nikashika mbao wakati akipigilia. Mikono yangu ilijaa vibanzi. Ukuta mpya ulipokamilika, Babu aliitwa aukague. Hakuukagua.

"Ingia wewe," aliniambia.

Niliingia tena ndani ya lile sanduku na tochi. Nilibonyeza kila mahali, mara mbili. "Hapa kwenye kona panabonyea kidogo," nilisema.

"Aa, we mtoto!" Bwana Tierney alilalamika. "Kona hiyo imenichukua siku nzima."

"Amesema panabonyea," Babu alisema. Ile kona ikafunguliwa, na kweli gundi haikuwa imeshika. Ilikuwa katikati ya Oktoba. Joto lilikuwa limeanza na mashada ya Mullewa yalikuwa yameshakauka. Wiki hiyohiyo Babu alimwaga chai pembeni ya kikombe, akasema ni mkono tu umeteleza.

Tulikwenda mwaka uliofuata. Karavani ilitufikisha bila hata tone moja kuingia. Babu alikaa mbele na Bibi, akigeuzia uso wake dirishani, ingawa kwa wakati huo akikutazama moja kwa moja uso wako ulikuwa ukungu. Alikuwa amejifunza kuona kwa pembe ya jicho, kama kuku.

Mullewa tulisimama kununua mkate. "Mngekuja mwaka jana!" alisema mwenye duka. "Mvua ilinyesha, maua yalitanda kando ya barabara yote. Mwaka huu kumekauka, hamtaona mengi." Alisema kwa wema, hakujua alikuwa anamwambia nani. Nilitoka nje nikasimama kando ya gari mpaka Bibi aliponiita.

Tuliifuata barabara ya changarawe ambayo Babu alikuwa akipita kwenda shule. Bibi alisimamisha gari. Upepo ulikuwa mkavu na vumbi jekundu lilitulia polepole.

"Haya, Tamsin," Babu alisema. "Niambie unaona nini."

Ningeweza kumwambia yametanda hadi mwisho wa macho. Angefurahi. Nilimwona jinsi alivyokuwa ameinua uso, akingoja, na neno hilo lilikuwa mdomoni kabisa.

"Ni machache, Babu," nilisema. "Naona tisa. Manne yamekauka. Moja limekanyagwa na gurudumu."

 Bibi akanitazama, kisha akatazama chini.

"Na hili lililo karibu?"

"Hili ni zima. Pana kama sinia. Maua ni mekundu, kwa ndani yana rangi ya maziwa."

Alitaka kupiga magoti. Mimi na Bibi tulimshika huku na huku, akashuka kwa shida, akageuza kichwa upande kama alivyozoea. "Katikati pana nini?"

"Hamna kitu. Majani tu. Maua yote yako pembeni."

Babu alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Basi hili limeumbwa kwa ajili yangu! Mimi mwenyewe katikati sioni kitu tangu Krismasi."

Alipoacha kucheka alinishika mkono. "Nilikuwa nawaza njiani," alisema, "ukiniambia yako mengi, nitajuaje? Ningerudi nyumbani sijui nimeona nini. Sasa najua ni tisa. Tisa ya kweli naweza kukaa nayo. Sikia, bibie: mtu akikuomba umtazamie, amekukabidhi macho yake. Mwambie ulichokiona, hata kama kitamuudhi, hata kama wewe mwenyewe hukipendi. Asipoweza kuamini neno lako, atakuwa kipofu mara mbili."

"Nisamehe, Babu."

"Nilishakusamehe ukiwa na vibanzi mikononi." Alirudisha kofia yake nyuma. "Lakini sitakudanganya na mimi. Natamani ningeyaona mwaka jana."

 Mpaka leo nikiingia nyumba ngeni kidole gumba changu hutafuta ukuta chini ya dirisha.

Nilichukua kidole gumba cha Babu, kinene, chenye alama za miaka yote ya kukamua, nikakiweka juu ya ua mojawapo.

"Vipi huko?" aliniuliza. "Pako imara?"

"Laini, Babu," nikasema. "Ni laini sana."