Macho Juu ya Karatasi

"Usinitanie, jirani! Mwanao ananichungulia, tena kila jioni!"

"Akuchungulie wewe? Ndani kwako kuna nini cha kuchungulia? Sindano?"

Wateja wa mama msusi wakaangua kicheko. Mmoja alikuwa amesukwa nusu kichwa, nusu nyingine imesimama kama ufagio, lakini alikwishasogea mpaka mlangoni asipitwe na neno. Mlangoni hapo alisimama Mama Vifungo, fundi cherehani wa nyumba ya pili, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Chekeni tu," alisema. "Jana nampima mteja gauni. Kuinua uso, anaona dirishani kwenu karatasi, na juu ya karatasi macho mawili yamemtumbulia! Kavaa nguo zake, kaondoka zake."

"Hayo ni masomo!" mama msusi akafoka, kitana mkononi. "Mwanangu anajifunza Kichina, na ndiye aliyeteuliwa kuandika ubaoni Jumamosi mbele ya wazazi wote. Tazama kazi zake nilivyozibandika ukutani. Mwenye mkono kama huu ana muda wa kuchungulia watu?"

"Basi aseme mwenyewe alikuwa anafanya nini."

Wote wakamgeukia Kiherehere. Mama yake ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu msichana huyo na kiti hawakuwahi kupatana tangu azaliwe. Sasa, akiwa na miaka kumi na miwili, alisimama kwa mguu mmoja, akahamia wa pili, akauma ukosi wa blauzi yake.

"Nilikuwa... nasoma," akasema.

"Umesikia? Haya, tokea leo tusijuane!" mama msusi akamwambia jirani yake.

Mama Vifungo akaondoka bila kuaga. Jioni hiyo akatundika blanketi zito dirishani kwake.

Ukweli ni kwamba Kiherehere hakuwa amemchungulia mtu. Lakini kusoma nako hakusoma.

Mwalimu wao wa Kichina, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole na macho makali, alitaka kila herufi iandikwe mstari kwa mstari, kwa mpangilio wake: juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia. Waliandika kwanza hewani kwa kidole, kisha kwenye karatasi, kisha tena. Wenzake walitulia. Yeye alihisi kama ana siafu ndani ya soksi. Herufi iliyomshinda kabisa ilikuwa ile ya "nyumbani". Juu ina kipaa kidogo, na chini ya paa mistari imetawanyika kama miguu ya mdudu aliyekanyagwa. Aliifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Ndipo akapata njia ya mkato. Mama Vifungo alishona jioni chini ya taa kali, na mwanga wake ulivuka uchochoro hadi dirishani kwao. Kiherehere alibandika ukurasa wa kitabu kwenye kioo, akaweka juu yake karatasi safi, na herufi zote zikajitokeza. Akafuatisha tu, akianzia popote kalamu ilipoangukia. Mtu akipita mbele ya taa, kivuli kilifunika kazi, naye aliinua macho juu ya karatasi, akamkodolea mpaka aondoke. Kwa dakika chache tu alipata kazi safi kuliko ya darasa zima, na mwalimu akamteua.

Sasa blanketi lilifunika mwanga. Na hata kama lingeondolewa, ubao wa darasani hauna kioo nyuma yake. Alijaribu kuandika bila kufuatisha. Paa likakaa upande, miguu ikagombana. Akainuka kunywa maji. Akarudi, akaandika, akainuka tena. Akafagia uwanja bila kutumwa, mama yake akamshika paji la uso.

"Unaumwa?"

"Siumwi, mama."

Kilichomchoma zaidi kilikuwa maneno ya sebuleni, ambako mama yake aliwasuka wateja. Mazungumzo ya wateja hayakuwa na breki, na siku hizo yalikuwa juu ya mtu mmoja tu.

"Kumbe yule mama mzushi namna hii!"

"Wateja wanamkimbia, anatafuta wa kumsingizia."

"Na gauni langu nampelekea fundi mwingine. Nani anataka balaa?"

Kiherehere, aliyekuwa ameshika beseni la vitana, akaliachia. Vitana vikatawanyika sakafuni. Mama Vifungo alikuwa anapita nje wakati huohuo, uso ameugeuzia upande wa pili.

Kesho yake Kiherehere alimfuata mwalimu kabla kengele haijalia.

"Mwalimu, Jumamosi sitaweza. Zile kazi nilifuatisha kwenye kioo."

Mwalimu akampa chaki. "Andika 'nyumbani'."

Kiherehere akaanza na mguu wa chini, akapanda juu, akapotea katikati.

"Ulichoniletea ni picha za herufi," mwalimu akasema. "Kuandika hujaanza. Jumamosi ataandika mwenzako."

"Ndiyo, mwalimu." Machozi yalimlengalenga. "Na jirani yetu anasemwa vibaya. Anadhani nilimchungulia, na mimi nilinyamaza nisijulikane."

"Basi hilo ndilo zito kuliko kazi zote. Uongo wako ulikuwa wa karatasi tu, lakini anayeulipia ni mtu mwingine. Ukitoka hapa, nenda ukamwondolee mzigo huo. Sasa shika chaki. Tunaanza na nukta iliyo juu ya paa."

Aliandika, akafuta, akaandika. Miguu yake ilicheza chini, lakini mkono ulifuata mpangilio. Mwishowe herufi ikasimama yote, imepinda kama kibanda cha kuku, lakini yake.

Aliporudi alipitia kwa Mama Vifungo.

"Shikamoo. Naomba twende kwetu. Ulisemwa mbele ya watu, na mimi nataka kusema mbele ya watu."

Mama Vifungo akaweka kazi yake chini, akamfuata. Sebule ilikuwa imejaa. Kiherehere akasema yote kwa pumzi moja: kioo, taa, macho, na kwamba Jumamosi hataandika.

"Makubwa!" akanong'ona mteja mmoja.

Mikono ya mama msusi ilisimama kwenye nywele. "Nimemtukana mtu mzima kwa ajili yako, na wewe umesimama pale unanisikiliza?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe. Nawe Mama Vifungo, nisamehe."

"Mtoto anayekosea masomo nitamvumilia hata miaka kumi," mama akasema taratibu. "Lakini asiniache nigombane na watu kwa jambo analolijua yeye. Ukikosea, sema mapema, kabla kosa halijaingia nyumba ya pili."

"Na yule mteja wangu?" Mama Vifungo akauliza.

"Nitamfuata nimweleze," Kiherehere akasema.

"Tutakwenda wote," mama akaongeza, macho chini. "Nami nitamwambia kwamba nilikufokea bure, jirani."

Mama Vifungo akaitikia kwa kichwa, akageuka aondoke.

"Unakwenda wapi?"

"Nina gauni mezani."

"Gauni halisikii njaa." Mama msusi alifuta mikono, akasogeza viti kupisha njia. "Ingia ndani, jirani. Ingia tule, chakula kinapoa."