Kitambaa cha Kijani

Treni ya kutoka Tanga ilikuwa imeingia Same, na watu walisukumana kama mbuzi mnadani. Mwaka ulikuwa 1955. Kaanaeli, mshonaji wa duka la Mhindi, alikuwa na gauni jipya jekundu, lililombana kiuno vizuri.

"Dada wa gauni la kijani! Kikapu chako kinamwaga tangawizi!"

Aligeuka. Kijana mrefu, kaptula imepigwa pasi, bunda la waya begani.

"Kijani? Unaota mchana?"

"Kama ndoto ni wewe, nisiamshwe."

Alicheka. Aliona ni utani.

Kijana huyo alikuwa Hezroni, karani wa mizigo wa reli. Jioni alikaa karibu na cherehani ya Kaanaeli akijifunza umeme, ili akiacha kazi ya reli afunge taa majumbani. Mzee Eliezeri, baba yake Kaanaeli kule Bombo milimani, alikuwa ameshasema: karani huhamishwa wakati wowote, akipata cheti cha umeme atabaki Same, naye mzee atamkubali awe mkwe. Akishindwa, yupo Zebedayo mwenye shamba la kahawa.

"Ukifaulu utafunga taa wapi kwanza?"

"Jikoni kwako."

"Jikoni tu?"

"Na chumbani. Ila ile tutaizima mapema."

"Shenzi wewe!" Akamtupia kibobini cha uzi, wakacheka.

Karibu na mtihani, Hezroni alimletea kitambaa cha kichwa, cha kijani kibichi.

"Nimekitafuta mpaka kikafanana na gauni lako lile la stesheni."

Kaanaeli akapoa. Hakuwa na gauni la kijani. Aliyekuwa nalo ni Dorkas, muuza chai wa pale stesheni.

"Dorkas amekikataa, ndiyo ukaniletea mimi?"

"Dorkas anaingiaje hapa?"

"Gauni gani la kijani, Hezroni?"

"Lako! Mbona unanifanyia mzaha?"

"Toka hapa."

Akatoka amenuna, akaenda Tanga kwenye mtihani bila kuaga. Kaanaeli hakumfuata kumuuliza tena. Alipanda Bombo na hasira zake, akamwambia baba kwamba Zebedayo anafaa. Jumapili posa ikapokelewa mbele ya wazee wa kanisa.

Alipoteremka Same, simu ya dukani ililia. Mhindi akamwita.

"Kaanaeli, nimeanguka." Sauti ya Hezroni ilikuwa ndogo. "Ya kuandika nimepata. Kwenye kufunga nimeweka waya wa ardhini mahali pa waya wa moto. Mmoja mwekundu, mwingine kijani. Mzungu msimamizi akanipangia nyuzi mezani nizitaje rangi. Nimekosea, kwangu zilikuwa rangi moja. Mpenzi, lile gauni ni la rangi gani?"

"Jekundu."

"Basi sijaliona hata siku moja."

Kaanaeli alishika ukingo wa kaunta.

"Hezroni, posa ya Zebedayo imepokelewa."

"Na mimi cheti sitakipata kamwe," alisema Hezroni. "Baba yako asingenikubali."

"Mimi ningekukubali," alisema Kaanaeli. Lakini alisema baada ya laini kukatika.

Siku ya kupanda Bombo kuolewa, alivaa gauni jekundu na kile kitambaa kichwani. Kina mama kwenye lori walimcheka: mshonaji mzima hajui kupatanisha rangi! Hezroni alisimama kando ya gurudumu, kofia mkononi.

"Umependeza, dada," alisema. "Vimefanana."

"Sana," Kaanaeli akajibu, na lori likaondoka.